Mpini wa Keke ya Barafu

Mamangu, nakubusu mikono kutoka Kibokoni.

Ndugu yako Mjomba Athmani ana vituko! Juzi baharia wa nchi za baridi alimletea kwenye karakana yake ya uhunzi keke kubwa ya kutobolea barafu, mpini umevunjika. Eti kwao maji huganda, watu wakatembea juu yake, wakatoboa tundu wakavua samaki. Mjomba alicheka mpaka kofia ikamwanguka, lakini akafua mpini mpya uliopinda katikati, kama wa keke ya seremala: mkono mmoja unakandamiza juu, wa pili unazungusha.

Unamjua, kazi haitoki kwake bila kujaribiwa. Leo, sisi tumo jikoni, akafunua kule uani gunia la maranda ya kuzuia barafu isiyeyuke, akalitoboa pande la barafu tuliloliweka kwa sharubati ya wageni wa posa ya bintiye Rukia. Tundu lilikuwa safi kabisa. Kisha barafu yote ikapasuka, jua la uani likaimaliza.

Mkaza mjomba akaja na bakuli lake, akayatazama yale maji, akauliza kwa upole, “Haya, na samaki yuko wapi?”

Mungu akuweke, mama. Wageni wanakunywa sharubati vuguvugu na kuisifu, na ndugu yako katumwa sokoni akamlete huyo samaki.

Mwanao, Zuhura