Mashine ya Polishi na Boneti ya Mwalimu

Jumapili, Kilwa Masoko. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu lakini yanaharibu siku yangu nzima, maana hakuna anayeleta gari kuoshwa wakati mbingu inaosha bure. Nimefungua, nimefagia, nimekaa. Kiganja cha kulia bado kina ganzi kidogo kutokana na kazi ya jana.

Jana nilinunua mashine ya polishi. Na jana hiyohiyo nilisema jambo nililolificha miezi miwili.

Naanza na lililofichwa, kwa sababu bila hilo nisingefika Lindi kuchagua mashine.

Mimi naosha magari karibu na njia ya kwenda bandarini. Magari ya huku yana maadui wawili: vumbi jekundu linaloshuka nayo kutoka Likawage na vijiji vya ndani, na chumvi ya hapa pwani. Vikikutana, rangi inafifia, inakuwa kama jicho la samaki wa juzi. Kwa miaka minne nilikuwa narudisha mng'ao kwa mkono, kitambaa na dawa, mlango mmoja nusu siku. Nilijulikana kwa hilo. Mtu akilalamika gari lake limechakaa, anaambiwa, mpelekee Somoe.

Halafu nikataka kwenda haraka.

Jirani yangu Fundi Issa, anayenyoosha bodi za magari, ana mashine kubwa ya polishi, ile inayozunguka palepale kwa nguvu kama jiwe la kunolea visu. Akaniazima. Alinionya nisiituamishe sehemu moja, na nikifika kwenye kingo nikae nayo mbali. Naandika hili ili nisije nikajidanganya siku za mbele. Alinionya.

Gari lililokuwa mbele yangu siku ile lilikuwa la Mwalimu Kasiani wa Kiranjeranje. Alinifundisha darasa la tano na la sita, na alipostaafu watoto wake walimletea gari jeusi, kuukuu lakini zima. Mpwa wake ndiye anayeliendesha. Mwalimu mwenyewe ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Watu walimshangaa, kipofu ana haja gani na polishi. Yeye aliniambia kwamba akishafanyiwa operesheni na kufunguliwa jicho, anataka aanze kuliona gari lake, kwa sababu hajawahi kuliona vizuri hata siku moja.

Nilikuwa nimebakiza ukingo wa boneti. Mkono wangu wa kulia ulivunjika zamani nilipoanguka na bodaboda, na mashine ile ni nzito. Ukachoka. Mashine ikatulia pale kwa muda wa kumeza mate. Nikasikia harufu, nikainua, nikakuta doa la kijivu kiasi cha kiganja, limekufa kabisa.

Nikaangalia huku na huku. Fundi Issa hakuwepo. Mpwa alikuwa ameenda sokoni na Mwalimu alikuwa kwenye benchi kivulini.

Nilichukua nta nyeusi nikaipaka nene, nikafuta, nikapaka tena, mpaka doa likapotea.

Mwalimu alipoletwa kwenye gari alipitisha mkono kwenye mlango na kusema linateleza kama kioo. Akanishukuru. Nikaitikia. Mpwa wake hakugundua, nta ilikuwa mbichi, na gari lile hutoka nyumbani mara moja kwa wiki, kanisani na kurudi.

Tangu siku hiyo sikuigusa mashine ya Fundi Issa. Niliwaambia watu mkono unaniuma. Haukuwa uongo, ila haukuwa ndiyo sababu.

Wiki iliyopita mpwa alipita hapa akaniambia mjomba wake amepata nafasi, operesheni ni Jumatatu, na Jumanne anafunguliwa jicho. Alikuwa na furaha. Mimi nikahesabu siku zilizobaki.

Nikaamua mambo mawili. La kwanza, naacha kazi hii au naifanya kwa mashine ninayoimudu. La pili, Mwalimu hatalijua lile doa kwa jicho lake kabla hajalijua kwa mdomo wangu. Basi la Lindi linapita Kiranjeranje. Kwenda ningenunua, kurudi ningeshuka.

Jana nikapanda basi la kwanza.

Duka nilikokwenda ni la Bi Rukaya, mama wa Kihindi ambaye familia yake inauza vifaa vya ufundi Lindi tangu enzi za babu yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaniuliza nataka nini. Nikamwonyesha mashine kubwa kuliko zote rafuni. Ilikuwa ya aina ileile ya Fundi Issa, mpya, nyekundu.

Niwe mkweli. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mashine salama, lakini nilipoiona ile nikaitaka. Nilijiona nimeishika mbele ya mafundi wa Masoko, wale wanaosema mwanamke atapolishi masufuria.

Bi Rukaya aliniuliza nimeshatumia ipi na ilinifanya nini. Sikutegemea swali hilo dukani. Nikamwambia yote, hata la nta. Labda kwa sababu hanijui. Hakunipa pole. Aliniuliza tu:

"Sasa hii unamnunulia nani? Mkono wako, au macho ya watu?"

Nikashusha kidole nilichokuwa nimeinyooshea ile nyekundu. Akajiita kwa mzaha kijakazi wa mashine, akatoka nje na waya mrefu na mashine mbili za aina nyingine. Hizi sahani zake zinazunguka huku zinayumba, hazikai kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo joto halirundikani mahali. Ya kwanza inayumba kwa mapana, milimita ishirini na moja, ina mwili mkubwa. Ya pili inayumba milimita kumi na tano, ni nyepesi. Alichukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kwenye ukingo wa kila sahani. Akasema ukiona mstari unapita, sahani inazunguka na kazi inafanyika. Ukiuona umesimama, unajichosha bure. Akaniachia pikapu ya duka, ya bluu iliyofifia, nizijaribu juu yake, akarudi ndani kuhudumia wateja.

Nilianza na ile kubwa. Kwenye boneti bapa ilinifurahisha, inakula ukungu haraka, naona bluu inarudi. Nilipohamia mlangoni, penye mbinuko chini ya dirisha, mstari ukasimama. Nikabonyeza, ukasimama zaidi. Nikalegeza, ikaanza kurukaruka na mkono ukaanza kufa ganzi. Dakika kumi tu.

Ile ndogo ilikwenda taratibu. Ilinibidi nirudie kipande kilekile mara nne. Lakini mstari haukusimama, si mlangoni, si juu ya madigadi. Niliweka mgongo wa kiganja kwenye bati kila baada ya muda: vuguvugu, basi. Nilipoizima mkono ulikuwa wangu bado.

Kulikuwa na ya tatu, ya betri, nzuri sana kwa mtu anayekatikiwa umeme kama sisi. Bi Rukaya mwenyewe alinikataza. Betri ikifa unasubiri nyingine itoke Dar, alisema, lakini hii ya waya kaboni zake, zile zinazolika ndani ya mota, ninazo hapa, na sahani yake ni inchi tano, sponji za inchi tano hata Kilwa utazipata. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nawaza nguvu tu, sikuwaza siku itakapoharibika.

Wanaume wawili waliokuja kununua misumari walisimama kunitazama. Mmoja akasema hiyo ndogo ni ya kuchezea, chukua ya kazi. Masikio yaliniwaka. Nilikaribia kabisa kuibadilisha.

Nilichukua ndogo.

Niliibeba kifuani mpaka stendi kama mtu aliyebeba yai.

Kiranjeranje nilishuka adhuhuri. Nilimkuta Mwalimu barazani peke yake, anapukuchua mahindi kwa vidole, haraka kuliko wengi wanaoona. Nikamwamkia. "Marahaba, Somoe," akasema, kwa sauti tu alinijua. Aliuliza habari za Masoko, za mama yangu, za mkono. Nikajibu zote. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lindi, nikayakosa. Nikasema vilevile yalivyokuja:

"Mwalimu, boneti ya gari lako niliiunguza mimi. Nikaipaka nta nyeusi ili usijue."

Vidole vikasimama.

Aliuliza ni wapi. Nikamshika mkono mpaka kwenye kibanda cha gari, nikakiweka kiganja chake pale. Nta ilikuwa imeshatoka, chini ya vumbi doa liko wazi, limeanza kukwaruza. Alilizunguka kwa kidole kimoja, polepole, akarudi alipoanzia. Akaniuliza kama mashine itaweza kuliondoa. Nikamwambia hapana. Polishi haiongezi rangi, inapunguza, na pale hakuna kilichobaki cha kupunguza. Boneti itapigwa rangi upya, na hilo ni juu yangu. Fundi wa rangi nimeshaongea naye.

Alijifuta kidole kwenye shati. Kisha akaniuliza kwa nini nimekuja leo, kwa nini siyo siku ile.

"Siku ile niliona kwamba huoni," nikasema. "Nikaitumia hiyo."

Ni sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu. Lakini ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, na nyingine zote zilikuwa za kuizunguka.

Mwalimu akasema, "Nilikuwa nawaambia watu, huyu binti nimemfundisha mimi."

Alisema "nilikuwa".

Sikujitetea. Sikulia pia. Nilisimama pale na boksi langu miguuni nikisubiri aniambie niende. Badala yake fimbo yake ililigonga boksi, akauliza ni nini. Nikamweleza mashine yote, sahani inayoyumba, mstari wa wino, mkono wangu, na ile kubwa niliyoitamani. Akasema iwashwe aisikie. Tukavuta waya kutoka sebuleni. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa mashine ikiwa inazunguka, akainamisha kichwa kama anavyofanya mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma.

Halafu akasema: "Fanya buti. Buti tu, kwingine usiguse. Jumanne nikirudi nitaangalia boneti, nitaangalia buti, halafu ndiyo nitajua nikuambie nini."

Hakusema amenisamehe. Naandika hivyo kwa sababu leo asubuhi nilijikuta namsimulia mama kana kwamba alisema.

Nililiosha buti, nikalikausha, nikabandika utepe kwenye kila ukingo, hata pale ambapo haikuwa lazima. Nikaweka dawa kidogo kwenye sponji, matone manne. Nikaenda kwa mistari, mara nne kwa urefu, mara nne kwa upana, nikitazama wino unapita, nikipima joto kwa mgongo wa kiganja. Hakuna aliyekuwa akinisimamia isipokuwa masikio ya Mwalimu kwenye kiti. Kila nilipoizima aliuliza kwa nini nimeizima, na kila mara nilikuwa na sababu.

Ilinichukua saa mbili na nusu. Kwa mashine ya Fundi Issa ingekuwa nusu saa. Nilipotoa utepe, weusi ulikuwa wa ndani, niliona mpaka majani ya mkorosho yanavyotikisika humo.

Nilimwambia limekwisha, apitishe mkono kama anataka.

Alikataa. Alisema safari hii anasubiri macho.

Nimelala nikiwa nimechoka na nimeamka nikiwa nimeamua. Leo nimemweleza Fundi Issa ukweli kuhusu siku ile ya mashine yake. Alitikisa kichwa, akasema kumbe ndiyo maana. Nimemwambia pia sitaiazima tena. Kuanzia sasa kila ukingo utawekwa utepe, atakayetaka haraka aende kwingine, na nikiharibu, mwenye gari ataambiwa siku hiyohiyo, akiwa anaona au haoni. Wateja watapungua mwanzoni. Najua, na sijabadilisha mawazo.

Kesho Mwalimu anakwenda kufanyiwa operesheni. Mungu amjalie. Jumanne anafunguliwa jicho, na mpwa wake amesema atamrudisha nyumbani mchana, atamshusha palepale kwenye kibanda cha gari.

Sijui ataanza na boneti au ataanza na buti. Nitapanda basi la asubuhi, nisimame mahali atakaponiona.