Viti Vyekundu vya Gari la Baba

Jumatatu, 13 Mei 1957

Mayai mawili leo, yote kwenye kiti cha nyuma. Nimeyatoa, nimefukuza kuku, nimepangusa ngozi ya kiti, nikasoma mpaka kengele ya shule ya Masista. Kama kila asubuhi. Nyumbani tuko tisa. Ndani ya gari niko peke yangu.

Mzungu mfanyabiashara ambaye Baba alikuwa shofere wake alirudi Ulaya zamani, akamwachia hilo gari kama zawadi ya kuagana. Halijawaka tangu nizaliwe. Liko kwenye kibanda nyuma ya jiko.

Jioni Baba alikuja na mgeni. Mzungu wa Bukavu, anakusanya magari ya zamani. Nilitokea mlango wa upande wa pili na kitabu changu, nikajibana ukutani. Aligusa kutu taratibu, kama daktari anavyogusa tumbo la mgonjwa. Taa za shaba, usukani wa mbao, ngozi iliyopasuka, vyote alivishika. Kisha akataja bei. Baba alishika nguzo ya kibanda.

Jumanne, 14 Mei

Kwa bei ile nitakwenda Bukavu, kwenye shule ya wasichana ya ualimu. Baba amesema mwenyewe, mbele ya Mama. Sista ameshaandika jina langu. Zimebaki karo na safari. Bila hivyo ninamaliza shule mwezi wa saba, kisha ni shamba la mpunga na kungoja posa. Najua nani ataleta posa. Simpendi.

Mzungu wa Bukavu amekwenda Kabambare kwa shughuli zake. Akirudi atakuja na kamio, lori la kulibeba. Kabla ya kuondoka alisema kwa Kifaransa kwamba analitaka hivi hivi lilivyo. Nilimweleza Baba neno kwa neno. Akacheka.

"Mugeni akisema amekwisha kushiba, utamunyima chakula? Anasema vile kwa heshima."

Mama naye: "Tumupe mutu kitu chenye mavi ya kuku? Watasema sisi ni watu gani?"

Niliona wana haki.

Jumamosi, 18 Mei

Mzee Salumu ameanza kazi. Ni fundi wa chuma na ngozi, anakaa karibu na msikiti, rafiki wa Baba tangu ujana. Kuku wamehamishwa. Kutu imekwanguliwa kwa mchanga. Ngozi ya viti imetolewa yote. Taa za shaba pia. Amepata taa za umeme na usukani kutoka kwenye kamio iliyopinduka njia ya Nyangwe.

Mimi nimepewa viti. Mama ametoa kitambaa chekundu alichokiweka miaka mingi bila kukikata.

Ndani ya gari kuna kitabu kidogo cha kiwandani, cha Kifaransa, chenye picha na majina ya kila chuma. Nilikisoma kabla ya kitabu kingine chochote cha Kifaransa. Nilimwonyesha Mzee Salumu ukurasa wa taa. Nilisema si hizi. Sauti yangu haikutoka vizuri.

"Mwanangu, hiyo ni picha ya bibi muzee akiwa kigori. Sasa iko bibi. Tuache tumuvalishe."

Watu wote walicheka. Nami nikacheka.

Ijumaa, 24 Mei

Vidole vinauma. Viti viwili vimekwisha, bado mgongo wa kile cha nyuma. Nimetia maua ambayo Masista walitufundisha, kwa uzi wa njano. Katikati ua moja kubwa. Wanawake wa jirani wanakuja kutazama. Wanagusa, wananiita fundi. Shuleni mimi ni yule asiyesema. Sijazoea kusifiwa. Ni vizuri.

Jumapili, 26 Mei

Limewaka!

Baba na Mzee Salumu walihangaika na motere, injini ya gari, tangu alfajiri. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma na mtaa mzima ukaja mbio. Rangi ya kijani, inang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Tulizunguka soko. Tulipita msikitini, tukapita kanisani watu wakitoka misa. Vigelegele. Mama alikaa juu ya maua yangu, shingo imenyooka, hamjui mtu. Watoto walitukimbilia nyuma: "Binti ya shofere! Kesho tutakuita Madamu!" Nilijifunika uso kwa kitambaa, lakini nilikuwa nacheka ndani.

Sasa bei itapanda. Baba anasema hivyo. Nami nimesema hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Mzungu bado. Baba anapangusa vumbi asubuhi na jioni. Analiweka mbele ya nyumba ili mgeni alione kutoka njiani.

Leo nimefungua kile kitabu. Nilitafuta kwenye picha gari letu kama lilivyo sasa. Halimo. Nikageuza kurasa zote. Halimo. Nikakumbuka maneno ya Mzungu: "Hivi hivi lilivyo." Sikumwambia mtu. Rangi imeshakauka, ningesema nini?

Alhamisi, 6 Juni

Naandika upesi nimalize.

Alifika na kamio. Alishuka, akatusalimu, akalipita gari letu, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Kibanda kitupu. Alirudi polepole. Ndipo akalitazama. Baba alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, amevaa koti lake la misa, anatabasamu.

Mzungu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua kofia, akakaa kwenye kidato cha kupandia gari. Akauliza taa ziko wapi. Mama alileta moja, ile ambayo kuku walikuwa wananywea maji. Nyingine imeyeyushwa ikawa bangili. Usukani wa mbao? Ulikuwa kuni za kupikia maharage. Ngozi? Mzee Salumu alitazama miguu yake mwenyewe. Amevaa makubazi mapya.

"Vipya viko vingi, kila mahali," Mzungu alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi nilitaka ile mutu hajagusa."

Akauliza nani alishona viti. Nilitazama chini. "Ni binti yangu," Baba akajibu kwa fahari, maana alikuwa bado hajaelewa. Mzungu akasema ni kazi nzuri sana. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote.

Alitoa bei ya chuma chakavu. Baba alikataa, na sasa alikuwa ameelewa. Kisha Mzungu akaona kitabu mkononi mwangu. Hicho tu kilikuwa bado cha kiwandani.

"Si changu," Baba akasema. "Muulize mwenyewe."

Sikuweza kutaja bei. Nilimpa kwa mikono miwili. Aliacha pesa juu ya kiti. Zinatosha kununua sanduku la safari. Safari yenyewe, hapana.

Ijumaa, 7 Juni

Baba hajala. Mama anasema si kosa ya mutu. Anasema kila saa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Sista siendi. Nafasi amepewa Veronika wa darasa letu. Veronika hapendi kusoma. Nilimpongeza, kisha nikaenda nyuma ya shule kulia.

Afadhali ningesema mara ya pili. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo, wakacheka, nikacheka nao. Nilipenda kushona maua yale.

Jumapili, 16 Juni

Jana gari lilimbeba bibi harusi, mjukuu wa Mzee Salumu. Baba aliendesha taratibu, hakupiga honi. Bibi harusi alipitisha kidole chenye hina juu ya ua la katikati, akauliza kazi ya nani. Nikajibu, "Yangu."

Leo liko tena kwenye kibanda. Baba hakupangusa vumbi. Nilipofika asubuhi, kuku mmoja alikuwa amesharudi kwenye kiti cha nyuma, juu ya ua lile. Sikumfukuza. Nilikaa pembeni yake.

Nilianza kutaja vyuma vya gari kama vilivyokuwa kitabuni, toka nyuma kwenda mbele, kwa sauti ndogo. Nilivikumbuka vyote. Nilipofika kwenye taa za shaba, ukurasa ule niliomwonyesha Mzee Salumu, nikaishia hapo.