Anko Daktari Ameandika "Homa" Tu

Mpendwa Mama Mukai, naomba unisaidie mapema maana mtihani umekaribia na nyumbani hakukaliki. Mimi ni mtu wa rekodi katika hospitali moja huku Kileleshwa, na sasa nasomea cheti cha misimbo ya magonjwa, yaani daktari akishaandika ugonjwa sisi tunautafutia alama zake za herufi na namba tunaziingiza kwenye kompyuta, na kazi hii naijua, sijisifu, darasani naongoza. Shida ni daktari mmoja, na huyo ni baba mdogo wa mume wangu Odero, ndiye aliyenitafutia kazi na ndiye aliyetusemea siku ya mahari, na yeye kwenye faili huandika "homa" tu, basi, na homa si ugonjwa, ni dalili. Kuna mama mmoja ameandikiwa "homa", akapewa dawa ya malaria, na karatasi ya maabara inasema malaria haikuonekana, sasa mimi niweke nini? Mkufunzi wetu, Bi. Namalwa, anasema hatubahatishi, faili irudi kwa daktari aeleze na atie sahihi, na kwa kuwa faili hiyo ni sehemu ya mtihani wangu, nisipopeleka jibu lake cheti sipati. Kazini nikaona haya kumfuata anko, nikangoja Jumapili tukiwa kwake Loresho, tumeketi mezani ukoo mzima, nikamuuliza kwa adabu zote. Akaweka kijiko chini akasema, "Nilimtafutia mke wa Odero kazi ya karani, kumbe nilijiletea mwalimu." Tangu siku hiyo hanisemeshi, na Odero ananiambia niweke malaria mambo yaishe, eti ni herufi tu hizo. Nifanyeje?
Ivyne, Riruta

Ivyne, pole, ila pole yangu ni fupi. Jina la daktari uliloniandikia nimelifuta.

Swali lako ni zuri na mkufunzi wako yuko sawa. Usiweke malaria. Odero mwambie akuachie kazi yako, maana ukibahatisha ugonjwa umejifanya daktari.

Lakini jameni, mezani? Ugonjwa wa mama wa watu umeutoa hospitalini ukauweka kati ya chapati na kuku, shemeji zako wakisikiliza. Wewe, mtu wa rekodi! Unadhani anko amekasirika kwa kuulizwa. Mimi naona amekasirika kwa kuulizwa mbele ya mkewe na watoto wake, na hapo namwelewa.

Jumatatu asubuhi, kabla hajaanza kuona wagonjwa, nenda ofisini kwake na faili mkononi. Mwite Daktari, si anko. Omba radhi kwa yale ya mezani, na hayo tu. Kwa swali lenyewe usiombe radhi hata kidogo. Kisha sema, "Daktari, hapa umeandika homa, na maabara haikuona malaria. Naomba uniandikie ulichokipata." Unyamaze, umsubiri. Akikataa usibishane naye, mpelekee faili mkuu wa idara yako. Cheti kikichelewa, kichelewe.

Anko mtapatana, ni damu ya mume wako na ataendelea kuwakaribisha Loresho. Lakini ukiweka malaria, huyo mama homa ikimrudia, daktari mwingine atafungua kompyuta, asome ulichoweka wewe, ampe dawa ile ile. Wewe una anko hapo hospitalini. Huyo mama ana wewe tu.