Wimbo wa Kuniingiza Kanisani

Handeni, kijijini
Jumatano, 13 Agosti 1975
Asubuhi ukungu na manyunyu mepesi. Jua limetoka wanafunzi wangu wakiwa wameshapanga mistari.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na ile dawa ya misheni imesaidia? Benedikto anapokusomea, mwambie asiruke mahali, hata akiona yanahuzunisha. Mwili wangu ni mzima. Mahindi ya shamba la shule tumemaliza kuvuna. Nguo ya harusi pia imekwisha. Jirani yangu Mama Mwajuma ameshona pindo kwa mkono na kusema nikinenepa kabla ya Jumamosi nisimlaumu.

Mama, ninaloandika ni habari ya wimbo. Uliniagiza niingie kanisani kwa "Ingia, Mwanangu", kama ulivyoingia wewe na kama alivyoingia dada. Ukasema kwa kuwa mguu haukuruhusu kusafiri, Jumamosi saa nne utawakusanya akina mama wa kwaya hapo nyumbani, muuimbe saa ile ile, tuwe pamoja. Niliufurahia mpango huo kuliko hata nguo. Nikaunakili wimbo wote kwa do-re-mi, sauti zote nne, na Jumapili nikaupeleka Korogwe kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa tutakalofungia ndoa.

Mwalimu wa kwaya aliupokea vizuri. Akapiga mistari miwili kwenye kinanda, akaacha, akanitazama, akaniuliza:

"Mwalimu, huu ndio wa kuingilia?"

Nikasema ndiyo. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akacheka nyuma yangu: "Jamani, bibi harusi anakuja kuolewa au kuzikwa?" Wenzake wakamwambia anyamaze, lakini nao walikuwa wameinamisha vichwa.

Mama, huku wimbo wetu ni wa jeneza. Wanauimba maiti anapoingizwa kanisani, kwa maneno yale yale: ingia, mwanangu, chumba chako ki tayari. Sisi tukisikia chumba cha maharusi, wao wanasikia kaburi. Nami nikiyasoma maneno sasa siwezi kusema wamekosea.

Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la mwisho. Alitoka kwake Kilole kutuletea uji. Aliposikia ile mistari miwili alijifunika uso kwa kanga, akatoka. Kabla ya Pasaka mwaka huu ndio wimbo waliomwingizia kitinda mimba wake, mdogo wa Anselmi wangu. Nilimfuata nje nikapiga magoti.

"Inuka, mwanangu, wewe hukujua," akaniambia. "Wimbo wa mama yako uimbwe. Mimi nitakaa hapa nje mpaka uishe, halafu nitaingia."

"Mama, nitaingiaje kanisani wewe uko nje?"

"Basi nifanyeje?" Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anauliza kweli.

Nilimwuliza Anselmi. Akasema, "Unataka nichague kati ya mama zangu wawili?" halafu akanisindikiza mpaka kituo cha basi. Padri naye alisema wimbo ni wa sala, yeye haukatazi, tuelewane wenyewe. Kila mtu ni mpole kwangu, sina hata wa kumkasirikia. Mwishowe, kwa kuwa watu walitaka kwenda makwao, mwalimu wa kwaya alichagua wimbo mwingine wanaoujua, akauandika ubaoni. Mimi nikaunakili kwenye daftari.

Jumatatu nilikwenda posta kukuletea telegramu. Niliandika: MAMA JUMAMOSI MSIIMBE INGIA MWANANGU. Karani aliisoma mara mbili.

"Dada, unataka kumwua mama yako? Telegramu ikifika kijijini watu wanaangua kilio kabla ya kuisoma. Halafu wewe ndani umeandika msiimbe!"

Nikaongeza maneno: harusi ipo, mimi mzima, msiogope. Kila neno nililoongeza lilizidi kutisha. Nikaichana, nikarudi kijijini.

Imebaki barua, na barua itakufikia harusi ikiwa imepita. Kwa hiyo unaposikiliza haya mmeshaimba. Umeshasimama kwa mguu huo mbovu ukiamini natembea kwa sauti yako, kumbe mimi nilikuwa natembea kwa wimbo nisioujua hata ubeti wa pili. Leo ninapoandika bado hamjaimba, najua mtaimba, na sina njia ya kukufikia. Tafadhali usimchukie mama mkwe. Na kama uliimba vizuri, nakuomba usiniambie.

Nisalimie dada na mume wake. Shangazi Eufrasia anayeshika sauti ya tatu, umweleze taratibu. Na babu mdogo, mwambie tumbaku yake nimepata mtu wa kuileta. Benedikto, ahsante kwa kusoma. Mpe Mama maji anywe, kisha ukae naye kidogo.

Ni mimi mwanao,
Skolastika

Alhamisi asubuhi, mawingu, hakuna mvua. Naongeza kabla ya kufunga bahasha. Jana nilijaribu kukariri wimbo wao. Kila nilipofika mstari wa tatu, ulimi uligeukia wako, nikaanza upya, ukageuka tena. Nililala saa nane usiku.