Kuku wa Mgeni

Jumatatu, 4 Agosti
Diepsloot tena, mtaa wa mabanda pembeni mwa Johannesburg. Vumbi, baridi, midomo imepasuka. Mwaka wa tano huu naziuliza familia zilezile maswali yaleyale: mmepata nini, mmekula nini, mmetumia nini. Wakubwa wangu chuoni Braamfontein wanataka kujua kama pengo la walionacho na wasionacho linapungua. Nimemalizia kwa Mama Riziki, fundi cherehani, Mkongo wa Uvira. Kuku na wali vilikuwa mezani kabla sijavua koti. Nikala, kisha nikaandika: kuku, wali. Amebaki na cherehani moja. Ya pili ameiuza. Fomu haina nafasi ya kuuliza kwa nini.

Jumanne, 5 Agosti
Kule kwenye kuta ndefu na nyaya za umeme. Nimesimama getini naongea na kispika. Sauti ikasema hawataki maswali tena. Hata maji sikupewa. Tajiri mwingine katoka kwenye hesabu. Hasira siku nzima.

Ijumaa, 8 Agosti
Kikao. Profesa katuonyesha grafu. Mstari wa chini unapanda, wa juu umelala. Pengo linapungua, kasema, na mwisho wa mwezi atalitangaza mkutanoni. Anang'aa uso mzima.

Nikamtafuta Mama Riziki kwenye takwimu. Kila anapopanda ni siku niliyokula kwake mimi. Anayepanda si yeye, ni tumbo langu. Nimewauliza wenzangu wa kazi ya nje: nao wanalishwa. Soda, mayai, chapati. Tukacheka sana. 

Nimemwambia Profesa. Kanisikiliza vizuri. Kasema chakula kimetoka mfukoni mwa Mama Riziki, kimeliwa nyumbani kwake, basi ni matumizi yake. Kwa kanuni, hajakosea. Ndicho kinachoniudhi.

Jumatatu, 11 Agosti
Leo nimekwenda bila kupiga simu. Nilijiona mjanja. Nimemkuta na binti zake, ugali na kabichi. Hatimaye, ukweli! Uso ukamshuka. Akafunika sufuria haraka, kama mtu aliyekutwa hajavaa. Akatoka. Akarudi na kuku wa spaza, kile kiduka cha mtaani, kwa mkopo. Nikamwambia nimeshiba.

"Mugeni hawezi toka kwangu na njaa, dada. Batu batasema nini?"

Nikala.  Ujanja wangu umemtia deni. Najichukia.

Jumatano, 13 Agosti
Sina hamu ya kazi. Nikikataa kula, namtukana. Nikila, namtajirisha kwenye karatasi tu, na hao wakubwa watasema maskini wa nchi hii sasa wanapata nafuu. Nimewaza kuacha. Kodi ya chumba je?

Alhamisi, 14 Agosti
Ziara ya mwisho ya msimu huu. Asubuhi nilimpigia: dada, leo nimefunga, sunna ya Alhamisi. Na nimefunga kweli, nisije nikamdanganya. Akasema sawa.

Meza tupu. Tumekaa, nimeuliza, amejibu. Ugali, kabichi, chai bila maziwa. Kwa mara ya kwanza kwenye fomu yake simo. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahia kabichi ya mtu.

Naaga, akanishikisha bakuli la moto. Ya kufuturu, kasema. Amelifunga kwa kile kitambaa cha maua alichokuwa akifunikia cherehani aliyoiuza. 

Magharibi. Nimefuturu peke yangu chumbani. Kuku, viazi. Kwenye fomu kuna sehemu ya chakula walichopewa watu wa nje ya nyumba, kisichohesabiwa mlo wake. Nimeijaza, nimetuma.

Ijumaa, 15 Agosti
Mvua haipo, upepo tu. Kitambaa nimekifua, kimekauka. Bakuli nimeliosha. Lazima nilirudishe, na kwetu Tanga bakuli la mtu halirudi tupu. Nitalitia mchele. Fomu ya msimu ujao itauita mapato.

Naye akiniona tu mlangoni, atatoka kwenda spaza.