Diski za Bluu Zilipofika Bangwe

Bangwe,
Kigoma.
6 Novemba 2011

Mpendwa mdogo wangu Bariki,

Pokea marahaba yangu hata kabla hujatamka shikamoo. U mzima huko Kanada? Mkeo Sia na watoto hawajambo? Nasikia baridi imeshaanza kwenu. Vaa nguo nzito, kifua chako nakijua tangu ulipokuwa mtoto. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipandisha kutoka mwaloni kule ziwani. Huku mvua zimeanza, na wiki hii dagaa wengi wameharibika kwa kukosa jua la kuwaanika.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Ni kwa sababu kwenye simu nimekuwa nikikudanganya, na kila nikiisikia sauti yako nashindwa kuacha.

Huwa unaniuliza, "Kaka, deki niliyokutumia inafanya kazi? Watu wanakuja?" Nami hukujibu, "Wanajaa mpaka barazani." Bariki, tangu Februari hakuna mtu aliyeingia sebuleni kwangu kutazama picha.

Tangu tumzike shemeji yako Eufrasia, Jumamosi saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuwa na watu. Meshack, yule fundi baiskeli, alikuja na kigoda chake. Jirani yangu Shadia alikuja na watoto wake wawili. Bibi Yunisi, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alifika wa kwanza na kukalia kochi la dirishani. Yeye hakutazama kimya. Aliwagombeza watu wa kwenye picha kwa Kiha kama vile ni wajukuu zake, na sisi tulicheka hadi tukapoteza maneno ya picha yenyewe.

Januari Sista Leonia alipotua kutoka huko kwenu na deki yako ya diski mpya, ile ya Blu-ray, nilifurahi kupita kiasi. Ndani ya boksi mlikuwa na diski moja ya majaribio, inayoonyesha samaki wa baharini. Nilipoiwasha nilihesabu magamba ya samaki mmoja mmoja! Nikaweka moja ya DVD zangu za zamani, nikaona uso wa mwigizaji umefifia kama umepakwa unga. Basi siku ileile nikaamua kwamba sitatazama tena vitu vya namna hiyo. Nikazifunga DVD zangu zote kwenye maboksi mawili, nikampelekea Castory, yule mwenye duka la kanda na diski Buzebazeba, auze.

Castory akaniambia, "Mwalimu, hizo za bluu huku bado. Nimeagiza kwa mtu wangu Dar, naye anazitoa Dubai. Subiri mwezi mmoja."

Nami nikawaambia wenzangu wasubiri mwezi mmoja. Jumamosi iliyofuata walikuja hata hivyo, nikawaonyesha samaki. Jumamosi ya pili nikawaonyesha samaki tena. Ya tatu Meshack akasema ana kazi nyingi, watoto wa Shadia wakakimbilia kwenye kibanda cha video. Nilimwambia Bibi Yunisi, "Tulia nyumbani tu, mama. Zikifika nitakuja kukuita wewe wa kwanza."

Mwezi ukawa miezi. Kila nilipopita dukani, Castory alinyanyua kidole kimoja kabla sijauliza, maana yake bado mwezi. Jumamosi nilifunga mlango nisione aibu ya kukaa peke yangu, nikawasha samaki, nikaongeza sauti. Kila ulipofika wakati wa kunipigia, nilikuwa nimeshajiandalia uongo.

Mwishoni mwa Oktoba diski zikafika kwa treni. Tatu, kwenye maganda ya bluu, mpya kabisa. Niliingiza ya kwanza. Deki ikazunguka, ikaandika maneno kwenye kioo, ikanyamaza. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nikarudi kwa Castory na deki nimeibeba mkononi. Akasoma nyuma ya ganda, akageuza deki, akasoma chini yake.

"Mwalimu, hii deki ni ya Amerika na Kanada, ina herufi A. Diski za Dubai ni herufi B, za huku kwetu. Hazitaongea kamwe."

Nikamwomba angalau anirudishie DVD zangu. Zilikuwa zimekwisha zamani, zimeuzwa moja moja.

Nilipotoka pale nikaona heri nikamwambie Bibi Yunisi asiendelee kusubiri. Nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na majani yameota kizingitini. Shadia alikuwa anafua kwao, akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu, hukujua? Bibi alianguka Agosti. Binti yake Marcelina amempeleka kwake Simbo." Nyumba ya tatu, Bariki. Nami sikujua.

Alhamisi nikaenda Simbo. Nilimkuta kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amekonda, mguu mmoja hauna nguvu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Nilidhani umetuchoka," akasema. "Nilikuja kubisha mara tatu. Nilikuona kupitia dirishani, unatazama wale samaki wako."

"Sikusikia, mama. Sauti ilikuwa kubwa."

"Mimi nilidhani hutaki kusikia. Nikarudi."

Nilikaa nikimsaidia kuchambua maharage. Baadaye akaniuliza kuhusu picha ya mwisho tuliyotazama pamoja, ambayo umeme ulikatika kabla haijaisha: je, yule baba alimsamehe binti yake? Sikuwahi kuona mwisho wake, na diski iliuzwa. Lakini nilianza kumsimulia. Nikasema baba alipanda basi usiku kucha kumfuata binti, akamkuta sokoni, akashindwa hata kumsalimia kwa kilio.

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Unadanganya, Mwalimu. Ila endelea."

Nikaendelea mpaka Marcelina alipokuja kumwingiza ndani. Aliponisindikiza njiani akanieleza kwamba mama yake hatarudi tena Bangwe, na nyumba wanatafuta mpangaji.

Jumapili iliyopita nilikuambia tu kwamba diski za Dubai zimegoma, nawe ukaniahidi kunitumia za herufi A, boksi zima. Usitume, mdogo wangu. Weka hiyo hela ya posta, ongeza utakachopata, ukate tiketi. Ni miaka kumi na moja hatujaonana. Mimi ndiye niliyekuwa nikikwambia usihangaike kuja, kwamba nina watu tele. Sina. Nyumba ina chumba cha wageni na kitanda kimetandikwa. Njoo.

Nisalimie Sia, wanangu wadogo Jonathan na Gaudensi, na Sista Leonia mkikutana kanisani. Dada yetu Dorotea wa Kasulu anakusalimu sana. Mungu awakinge na baridi ya huko, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Ni mimi, kaka yako nikupendaye,

Leodgar