Mlango wa Ofisi Yangu

Jumanne, jioni. Upepo wa leo umebeba vumbi lote la hapa Bagara ukalimwaga kwenye mashine yangu ya kusaga. Na moyo wangu nao hauko sawa.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mimi ndiye niliyemfukuza kiboko kwenye maharage kule Nakwa, kando ya ziwa, kwa ndala moja, ya mguu wa kushoto. Shule niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Leo sina hamu ya kujisifu.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu. Nitamwita Paskalina, si jina lake. Alimaliza chuo kikuu mwaka juzi, ualimu wa hesabu. Alipohitimu nilitangaza mpaka sokoni kwamba Babati tumepata profesa, na akili ile imetoka upande wangu. Tangu arudi hajafundisha hata siku moja. Anaitwa kwenye usaili, anapiga pasi gauni, asubuhi analirudisha kabatini, haendi. Mimi nikawa nawaambia watu kwamba binti yetu anachagua, shule za huku ndogo kwake. Walicheka, nami nikacheka.

Kesho ana usaili mwingine, shule moja ya binafsi huko Singe. Mama yake akaniomba niongee naye, maana kwenye ukoo mwenye maneno ni mimi.

Sasa, pale kwenye mashine nina kachumba kenye meza na kiti cha kuzunguka. Mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: OFISI. Nikitaka kumheshimu mtu namwita humo. Basi alipofika akanipa shikamoo, nikaitika marahaba kwa sauti ya mkurugenzi, nikamwambia, "Njoo ofisini, mwalimu. Funga mlango, vumbi linaingia."

Hakuingia. Alisimama kizingitini ameshika fremu, jasho linamtoka na baridi yote hii.

Nikamtania kwamba simng'ati, mimi si kiboko.

Akasema polepole, "Mjomba, hata yeye alisema vumbi linaingia."

Nikazima mashine. Wateja wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike. Tulikaa nje juu ya magunia ya pumba, kila mtu anatuona, akaniambia. Mhadhiri wake, mtu mzima wa rika langu, alimfelisha somo moja makusudi, kisha akamwita ofisini eti wajadili matokeo, na afunge mlango. Alichomfanyia humo sikiandiki, ni chake yeye. Alipokwenda kushtaki, mama aliyepokea malalamiko pale chuoni akamuuliza siku hiyo alivaa nini. Na wavulana wa darasani wakawa wanasema msichana hafaulu hesabu kwa kichwa.

"Nikikiona cheti changu nasikia sauti zao," alisema. "Naona kama sikukipata mwenyewe."

Nilitafuta hadithi ya kumpa. Ninazo za fisi, za mafuriko, za kiboko. Sikupata hata moja.

Nikasema tu kwamba namwamini.

Halafu nikachukua bisibisi nikafungua bawaba. Mlango sasa umelala nje, maandishi yametazama chini, mama mmoja kaanikia mahindi yake juu yake. Vumbi na liingie.

Paskalina amesoma haya kabla sijayaweka hapa. Alikata mstari mmoja ambapo nilikuwa natishia kwenda huko chuoni na panga. Alisema, "Mjomba, hiyo ni ya kiboko tena."

Kesho nitamsindikiza Singe, nitakaa kwenye benchi nje. Sharti lake ni moja, nikiwa kule nisimsimulie mtu yeyote chochote. Ndani ataongea mwenyewe. Ataanza kwa kusema, "Naomba mlango ubaki wazi." Jioni hii amejaribu kuyatamka maneno hayo hapa uani, mara ya kwanza sauti ikakatika. Mara ya mwisho kuku waligeuka.

Yeye ataweza, naona. Mimi je, nitaweza kunyamaza?